Kikohozi cha Fundi

Mtaa mzima ulimwita Mama Moshi, na yeye mwenyewe alikwishasahau kuudhika. Kwa miaka kumi na sita alikuwa akitia moshi vitafunio vya sherehe za watu: mabawa ya kuku, mayai ya kuchemsha, jibini, karanga, vile vitu vidogo vidogo ambavyo wageni hula wamesimama wakisubiri chakula chenyewe, na mara nyingi wakavishiba kabla chakula hakijafika. Kazi hiyo aliifanyia uani, kwenye jiko la pipa ambalo mumewe alilikata, akalitia bawaba na bomba. Makaa yalikaa upande mmoja, chakula upande wa pili, na juu ya makaa vilifuka vipande vya mti wa mpera vilivyolowekwa tangu jana yake.

Siri ya kazi hiyo, kama alivyomweleza kila aliyemuuliza na wengi ambao hawakumuuliza, ilikuwa pua. Moshi wa mwanzo ni mweupe na mzito, na chakula kikiwekwa hapo hutoka kichungu. Lazima usubiri utulie. Wengine hutazama rangi, wengine saa. Mama Moshi alishika ncha ya kitambaa chake cha kichwa, akaipitisha juu ya bomba, akainusa. Akiridhika, aliweka chakula. Hakuwahi kuonja hata siku moja. "Kuonja ni kwa wasio na pua," alikuwa akisema, na hapo alimtupia jicho wifi yake, dada wa mumewe, aliyekaa nyumba ya jirani na kumsaidia kupanga sinia, na ambaye alionja kila kitu mara mbili.

Mumewe, seremala mstaafu ambaye watu wote, pamoja na mkewe, walimwita Fundi, ndiye aliyechagua vipande na kuviloweka. Kisha alikaa kwenye kigoda karibu na jiko, tayari kubeba sinia. Ila kwa miezi saba sasa alikuwa na kikohozi. Moto ukiwashwa tu, alianza. Alikohoa mpaka macho yakamtoka, na mkewe kwa huruma aliacha kila kitu akamngojea atulie ndipo aweke chakula. Huruma ilikuwa na mwisho wake lakini. Wiki hiyo alimwambia: "Fundi, Jumamosi unakwenda kupimwa kifua. Sitaki kuwa mjane kwa sababu ya mabawa ya kuku."

"Jumamosi si kuna sherehe ya nesi mkuu?" Fundi aliuliza. "Niende siku nyingine."

"Utakwenda Jumamosi. Mimi si mtoto, nitaweza."

Fundi alibisha, jambo ambalo si kawaida yake, lakini nani alishawahi kumshinda Mama Moshi kwa maneno? Jumamosi alfajiri alitoka na koti lake, akageuka mlangoni mara mbili kama mtu aliyesahau kitu, kisha akaenda kupanga foleni hospitalini.

Nesi mkuu alikuwa anastaafu. Ndiye aliyewazalisha nusu ya akina mama wa mtaa huo, Mama Moshi akiwemo, na wageni sitini walitarajiwa saa kumi jioni. Mama Moshi aliwasha jiko saa tatu asubuhi, akamwaga vipande juu ya makaa, akanusa kitambaa chake, akaridhika. Akapanga mabawa yote kwenye wavu, akafunika.

Saa nne wifi aliingia uani na sinia kichwani. Hakufika hata katikati. Alisimama, akaziba pua kwa kiganja.

"Wifi, unachoma nini humo?"

"Ninachoma nini? Mabawa. Umeanza?"

"Unachoma rangi, wifi. Au dawa. Harufu imefika mpaka barabarani, mimi nilidhani kuna gari limeungua."

Mama Moshi alicheka. Alicheka kweli, kwa raha zake, akafunua mfuniko ili amwaibishe. Wifi akarudi nyuma akikohoa. Mabawa yalikuwa yamepata weusi wa kung'aa ambao hakuwahi kuuona. Mama Moshi alichukua koleo, akatoa kipande kimoja cha mti kilichokuwa hakijashika moto vizuri, akakigeuza. Upande wa chini kilikuwa na vanishi.

Stoo kulikuwa na magunia mawili, hilo alilijua vizuri: moja la mpera, na jingine la mabaki ya fremu za madirisha ya zamani, yaliyopakwa vanishi na dawa ya mchwa, yakisubiri kupelekwa jalalani. Jana jioni Fundi alilala mapema, naye akaenda kuloweka vipande mwenyewe. Taa ya stoo ilikuwa imeungua. Lakini alikuwa na haja gani ya taa? Aliingiza uso ndani ya gunia, akavuta pumzi, akasikia mpera. Aliusikia. Angeapa mbele ya mtu yeyote.

"Pengine una mafua," wifi alisema taratibu.

"Sina mafua."

Wifi aliingia jikoni akarudi na kitunguu kilichokatwa. "Fumba macho. Hiki nini?"

"Hujaleta kitu."

Akaleta kahawa. Akaleta kitambaa kilicholowa mafuta ya taa, akakisogeza mpaka kikaribie kumgusa mdomo. Mama Moshi alisubiri na macho yake yamefumbwa, akisubiri harufu kama mtu anayesubiri hodi. Alipofumbua macho akaona ni nini kilichokuwa chini ya pua yake, alikaa chini pale pale kwenye majivu.

Tangu lini? Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote. Upofu mtu anaujua siku hiyo hiyo. Yeye alikuwa amekaa na pua iliyokufa, akainusisha kitambaa kila wiki, ikamdanganya naye akakubali. Amelisha watu nini? Aliogopa mikono yake mwenyewe.

Wifi hakusema neno la kuudhi, jambo lililomtia hofu zaidi. Walitupa mabawa yote, walizima moto, wakasugua pipa kwa mchanga na sabuni, wakalichoma kwa makaa matupu. Yalibaki mayai, jibini na karanga, ambavyo havikuwa vimeguswa. Mama Moshi alivitazama kama mali ya mtu mwingine.

Saa saba Fundi alirudi na bahasha kubwa ya picha ya kifua mkononi. Aliona ndoo ya mabawa meusi, akamwona mkewe amekaa chini, akasimama.

"Daktari amesemaje?" wifi aliuliza.

"Kifua kizima. Amesema mapafu ya kijana."

"Na kikohozi?" Mama Moshi aliuliza.

Fundi aliangalia bahasha. Aliigeuza, akaigeuza tena.

"Fundi, nimekuuliza. Kikohozi kimetoka wapi?"

"Ulipopona yale mafua yaliyokulaza wiki mbili," alisema, "maziwa yaliungua nawe umesimama karibu na jiko, unaimba. Nikajua. Siku ya sherehe iliyofuata nikaona unataka kuweka kuku kwenye moshi mbichi. Nikakohoa. Ukanisubiri. Moshi ulipotulia, nikaacha."

Wifi aliacha mdomo wazi. Mama Moshi alihisi uso unawaka moto.

"Miezi saba."

"Miezi saba."

"Sherehe zote hizo. Watu wananisifu pua, nawe umekaa hapo."

"Niliogopa ukijua utaliacha jiko," Fundi alisema. "Nawe ukiliacha jiko sijui utakuwa nani humu ndani."

Mama Moshi alitaka kumpigia kelele. Maneno alikuwa nayo, mengi, na yote makali, maana alikuwa amefanywa mtoto ndani ya uwanja wake mwenyewe. Badala yake aliinuka, akaingia stoo, akaburuta gunia la mpera hadi mwangani, akakagua vipande kimoja kimoja kwa macho. Akakipeleka cha mwisho kwa Fundi. Fundi akakinusa, akaitikia kwa kichwa.

Hapakuwa na muda wa kuloweka mpaka kesho. Walivilowesha kwa nusu saa, wakawasha moto. Moshi ulipanda mweupe, mzito. Wifi alisimama kando na sinia ya mayai, safari hii bila kuonja. Fundi alikaa kwenye kigoda chake, mikono magotini, mdomo ameufunga kabisa kama mtu aliyeshikwa na kosa.

Mkono wa Mama Moshi ulikwenda wenyewe kwenye ncha ya kitambaa. Ukasimama hapo. Akakiachia.

"Fundi," alisema bila kugeuka.

"Naam."

"Mbona hukohoi?"

Fundi alimtazama mgongo. Kisha akakohoa, mara moja, kidogo, kama anayepiga hodi. Akakohoa tena. Mama Moshi akachukua sinia kutoka mkononi mwa wifi, akasimama nayo mbele ya jiko, akamngoja mumewe anyamaze.