Bahari ya Kajiado

Ndugu zangu wa Wajir, mmenipigia simu mmoja mmoja mkiuliza kama ni kweli binti yangu Hodan ameposwa na kijana anayetembeza watu kuangalia mawe. Ni kweli. Na kwa kuwa kila mmoja wenu ameisikia habari hii kwa namna yake, nawaandikia niliyoyaona mwenyewe, kituo kwa kituo, asije mtu akaitia chumvi. Chumvi niliyoiona siku ile inatutosha ukoo mzima.

Kijana anaitwa Rashid. Amezaliwa hapa Kitengela, baba yake ni mtu wa vitambaa, watu wa heshima, sina neno nao. Neno langu lilikuwa na kazi yake. Mimi nauza ng'ombe na mbuzi hapa tangu mji huu ulipokuwa nyasi na vumbi, na nikiambiwa kijana ana kazi, nataka kujua ana nini cha kushikika: mifugo, duka, lori. Rashid ana gari la kukodi na tangazo. Tangazo lenyewe lilibandikwa hadi kwenye mlango wa bucha tunayoiuzia nyama: "Magofu ya Kale na Upepo wa Bahari! Nusu siku tu kutoka Kitengela." Na chini, kwa herufi nyekundu, maneno yangu mimi, ninayowaambia wanunuzi sokoni kila siku: "Jicho lako ndilo wakili wako."

Bahari, Kajiado! Nilimwambia mke wangu Halima kwamba kijana huyu ni mwongo, tena ni mwizi wa maneno ya watu. Wazee wake walikuwa waje Ijumaa kuchukua jibu la posa, na jibu langu lilikuwa tayari. Halima hakubishana. Alisema tu, "Hata ng'ombe unamtembeza kwanza ndio umkatae. Huyu ni mtoto wa watu." Basi nikaenda. Sikwenda kwa kupenda magofu. Nilikwenda kutafuta sababu ya kusema hapana bila kuonekana mkorofi.

Alfajiri, Noonkopir. Baada ya sala nilimkuta Rashid kando ya barabara akipangusa vioo vya gari. Alipopokea begi langu aliniita "adeer", kama vijana wetu wanavyowaita wazee, na akanifungulia mlango wa mbele. Nikaketi nyuma. Ndani mlikuwa na wachumba wawili waliolala kabla hatujafika Kisaju na garini hawakuamka ila kwa kula. Kisha akaja jirani yetu Mama Wanjiku, mwenye ploti tatu na ulimi mmoja unaozitosha zote, amebeba begani tyubu nyeusi ya gurudumu la lori, imejazwa upepo ikajaa.

"Hata wewe, Baba Hodan?" akasema. "Mimi niko na miaka sitini na sijawahi ona bahari. Nimeambia watoto wangu, leo ni leo."

Nikamtazama Rashid. Niliona kabisa uso wake umebadilika. Akafungua mdomo, akamtazama yule mama na tyubu yake, akaufunga. Akasaidia kuifunga tyubu juu ya gari. Nikasema moyoni, sababu ya kwanza hiyo, hata hatujatoka mjini.

Isinya. Hapa Rashid alianza kazi yake ya kutuonyesha. Alituonyesha Isinya, mahali nilipokuwa nikinunua mbuzi kabla yeye hajaota meno. Alituonyesha barabara ya kwenda Kiserian, ambayo tulikuwa juu yake. Alituonyesha punda. Nilimuuliza kama punda yumo kwenye bei au ni wa nyongeza.

"Ni bure, adeer," akajibu, na akacheka. Sikucheka.

Corner Baridi. Gari likasimama ili watu wapige picha za Bonde la Ufa. Ni zuri, sitadanganya, linaanguka mbele yako mpaka macho yanachoka. Lakini si Rashid aliyelichimba. Upepo ulikuwa mkali, Mama Wanjiku akavuta pumzi na kusema ameanza kusikia harufu ya bahari. Harufu yenyewe ilikuwa ya mbuzi waliokuwa wakichomwa kwenye banda la jirani. Kutoka hapo tukateremka, na kadiri tulivyoteremka ndivyo joto lilivyopanda. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hawakuwahi kusafiri na huyu.

Oltepesi. Tulikunywa chai. Mama mmoja wa Kimaasai aliyekuwa akiuza shanga alimwamkia Rashid, "Supa!" naye akaitikia, "Ipa," akauliza habari za mtoto wake mgonjwa, kwa jina. Nilitambua kwamba anajulikana njiani. Hata hivyo matapeli nao hujulikana njiani.

Magofu hayako mbali na hapo. Ndugu zangu, mimi nimefika Lamu. Najua gofu ni nini: ukuta, mlango, kisima, msikiti usio na paa. Tulitembea juani kwenye njia ya mbao mpaka kwenye kibanda cha makuti, Rashid akasimama, akanyoosha mkono. Pale chini palikuwa na mawe. Mawe! Wajir tuna mawe ambayo hakuna aliyewahi kulipishwa kuyaona.

"Rashid," nikasema, "ukuta uko wapi?"

"Hakuna ukuta, adeer. Hawa watu waliishi kabla ya ukuta."

"Na mlango?"

"Pia mlango hakuna."

Akaeleza kwamba yale mawe yamechongwa na watu wa zamani sana, zamani isiyohesabika kwa vizazi, na kwamba ni mashoka ya mkononi ya kuchinjia na kuchunia. Hapo niliinama. Kuchuna nakujua. Jiwe moja lilikuwa na makali pande mbili na mgongo wa kukaa vizuri kiganjani, na nikaona kabisa jinsi ungelipitisha chini ya ngozi ya mbuzi bila kuitoboa. Nilikuwa karibu kufurahi.

"Walikuwa wanachinja nini?" nikauliza.

"Nyani, adeer. Mifupa mingi hapa ni ya nyani wakubwa."

"Astaghfirullah."

"Kwani hao ndio babu zetu?" Mama Wanjiku akauliza.

"Ni wako," nikamwambia. "Wangu walikuwa na ngamia."

"Na wewe ulitoka wapi, Baba Hodan? Mbinguni?"

Wachumba wale, waliotufuata wakisinzia, waliamka wakacheka. Rashid aligeuka kutazama mlima, mabega yake yakitikisika. Sababu ya pili nikaiweka: ameuza magofu, akaleta machinjio ya nyani.

Magadi. Jua lilikuwa utosini tulipofika. Nusu siku tuliyoahidiwa ilikuwa imekwisha, na bahari ndiyo kwanza inaonekana. Ilikuwa nyeupe, mahali pengine ya waridi, imetulia tuli, na harufu yake ilikuwa ya yai lililosahauliwa. Flamingo walisimama ndani yake kwa mguu mmoja, nadhani kwa kuona kinyaa kuweka wa pili. Hilo, ndugu zangu, ni ziwa la magadi, yaleyale ambayo mama zetu huwekea maharagwe. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu, lakini sisi hatukuwa chungu, tulikuwa watu wazima waliolipa nauli.

Mama Wanjiku alishuka na tyubu yake. Alikuwa amevaa nguo ya kuogelea chini ya dera, ya buluu, mpya, tulijua kwa sababu alituonyesha ukosi. Alitembea juu ya ule ukoko mweupe mpaka ukavunjika, akazama mpaka vifundoni kwenye tope la moto. Alisimama pale muda mrefu bila kusema kitu, na nyinyi hammjui, lakini huyu mama hanyamazi hata kanisani.

"Rashid," hatimaye akasema, "hii si bahari."

"Si bahari, mama. Ni ziwa. Na haliogeleki, litakuchoma ngozi. Ilifaa nikwambie tukiwa Noonkopir. Nilikuona na hiyo tyubu nikashindwa."

Alimrudisha akimshika mkono, akamketisha kwenye ngazi ya gari. Kisha akatoa mtungi wa maji safi, akapiga magoti, akamwosha miguu polepole, kidole kwa kidole, mpaka magadi yakatoka. Nilitazama upande mwingine. Sikutaka kuona jambo zuri wakati nina hasira.

Na hasira nilikuwa nayo. Nililitoa mfukoni lile tangazo, nililokuwa nimelibandua mlangoni pa bucha, nikalitikisa mbele ya uso wake, mbele ya watu wote. Nikamwambia kwamba sisi watu wa mifugo tuna sheria. Mnyama akiwa na kasoro, jicho bovu, ukwato mbaya, unaitaja kabla ya kushikana mikono. Usipoitaja umekula haramu. "Mtu aliyeandika haya," nikasema, "hana dini, hana haya, na kwao hakufunzwa. Ni nani?"

Rashid alikuwa bado ameshika mtungi.

"Kazi ni yangu, adeer," akasema. "Lawama ni yangu."

"Nimeuliza nani ameandika!"

"Lawama ni yangu, adeer."

Sababu ya tatu, na kubwa kuliko zote. Niliikunja karatasi nikairudisha mfukoni kwa ajili ya Ijumaa. Wakati wa adhuhuri ulikuwa umeingia. Maji safi yaliyobaki mtungini yalikuwa ya mtu mmoja kutawadha. Kijana niliyetoka kumtukana alinimiminia mikononi yote, yeye akatayamamu kwa mchanga. Tukasali kando ya bahari yake.

Kurudi. Barabara ya kupanda ni ndefu kuliko ya kushuka. Hakuna aliyezungumza isipokuwa Mama Wanjiku, ambaye kufika Kiserian alikuwa amemsamehe Rashid na kuanza kumuuliza nauli ya Mombasa ni ngapi.

Nyumbani. Halima aliniletea chai, na Hodan akaja kukaa mkekani, akijifanya hana haraka ya kusikia. Nikawasimulia: mawe, nyani, yai bovu. Nikaitandaza ile karatasi na kuisoma kwa sauti, nikarudia niliyoyasema kule, kwamba aliyeandika haya hana dini, hana haya, na kwao hakufunzwa.

Halima akatazama chini ghafla. Hodan akasema, "Aabo, nimeandika mimi."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Rashid alitaka iandikwe 'mawe ya kale na ziwa la magadi'. Hakuna mtu angekuja. Alikataa ya bahari. Mimi nikabandika usiku wake, asubuhi watu wakaanza kupiga simu." Akanyoosha kidole palipo na herufi nyekundu. "Na hii nimejifunza kwako. Nilikuwa nakaa kwa kiti chako sokoni nikiwa mdogo. Ulikuwa unauza yule ng'ombe wa jicho moja."

"Mwana wa nyoka ni nyoka," Halima akasema, na hakuwa akimtazama Hodan.

Chai ilipoa. Nilifikiria yule kijana akiwa ameshika mtungi, nikimwita kila jina, na neno moja tu, jina la binti yangu, lingemtoa kwenye aibu ile yote. Alilimeza. Niliona haya, ndugu zangu. Nawaambieni wazi, niliona haya mpaka masikio yakawaka.

Ijumaa. Wazee wake walikuja baada ya sala. Walisema yao kwa ustaarabu, kisha wakaninyooshea mkono. Nikauzuia wangu. Rashid, aliyekaa nyuma yao karibu na mlango, akainamisha kichwa.

"Kabla hatujashikana," nikasema, "mimi ni mtu wa sheria. Binti si mbuzi, na mama yake yuko nyuma ya pazia hilo ananisikia, kwa hiyo naomba nieleweke. Lakini kasoro hutajwa. Huyu msichana anaweza kukuuzia ziwa ukaapa kwamba ni bahari. Ni ugonjwa wa ukoo. Ameurithi kwangu."

Wazee wakatazamana. Nyuma ya pazia kuna mtu alikohoa.

"Rashid, umesikia?"

"Nimesikia, adeer. Niliijua." Akainua kichwa. "Jicho langu ndilo wakili wangu."

Mwizi wa maneno, kama nilivyosema tangu mwanzo. Nikampa mkono.