Nilisema sijawahi kuusoma ugonjwa wa kaka yangu, sasa umenishika mimi

Admin, jina langu usiliweke kwanza. Nina miaka sabini na tisa, mwalimu mstaafu wa Bayolojia hapa Meru, na daktari hanipi muda mrefu.

Kaka yangu alianza na ganzi mikononi. Akashindwa hata kukamua ng'ombe, mkewe akaichukua hiyo kazi. Baadaye miguu ikavimba, moyo ukachoka, akafa. Ukoo ukasema mke alikuwa anatia kitu kwenye maziwa. Wakaniuliza mimi, msomi wao. Nikajibu, "Ugonjwa kama huo sijawahi kuusoma." Hayo tu yalitosha. Shemeji akafukuzwa na mtoto wake, wakarudi kwao Embu, kule chini kwenye ukame. Shamba lake linalimwa na wanangu mpaka leo.

Halafu vidole vyangu navyo vikakataa kufunga vifungo vya shati. Sasa miguu imevimba. Daktari alinieleza kuna protini inayotengenezwa kwenye ini, na katika yangu amino asidi moja tu imekaa mahali pa nyingine. Basi protini hiyo inalegea, inaachana, mabaki yake yanajazana kwenye moyo na kubana neva za mikono. Ugonjwa huu ni wa kurithi. Minyororo ya amino asidi nimeichora ubaoni miaka thelathini.

Nikampigia mtoto wa kaka, sasa mtu mzima, anafunga vifurushi vya miraa kule mjini Maua. Nikamwomba apimwe, kwa sababu ukiwahi, ugonjwa hupunguzwa kasi. Akacheka.

"Mwalimu, si mlisema mama aliua baba? Leo unataka damu yangu."

"Nilikosea, mwanangu."

"Basi sema hivyo mbele ya ukoo, mama akiwa amekaa hapo. Ndio nitapimwa."

Nikamuuliza kuhusu mikono. "Ganzi ni ya hii kazi," akasema, akakata simu.

Nimemwomba kifungua mimba wangu aite wazee. "Mzee, hizo ni dawa zinaongea," anasema. "Ukishasema hivyo, sisi tutalima wapi?" Wazee wakija wenyewe, anawaambia getini nimelala. Mimi hata chooni nashikiliwa.

Shemeji yuko hai, na bado anaitwa muuaji. Haya nimeyaandika kwa kidole kimoja, siku tatu. Ukoo wangu wote unasoma ukurasa huu. Nishaurini, nifanye nini? Nimwambie Admin aweke jina langu?