Mama Odette Iko Muzima

Watu wa mtaa wa Kasuku, mjini Kindu, wanamjua Soudi Bulaimu kwa mambo mawili. Hampi mtu mkono akiwa bado amevaa nguo za kazi, na hapiti kando ya chupa tupu bila kuiokota na kuichungulia mdomo. Wenye mzaha humwita Baba Chupa. Yeye hucheka kidogo na kuendelea na njia yake.

Kazi yake ni kuua vidudu baada ya wengine kumaliza kuvichunguza. Maabara hupima damu, kinyesi na makohozi ya wagonjwa. Kilichobaki humfikia Soudi nyuma ya nyumba. Hukipika kwa mvuke ndani ya chungu kikubwa chenye kifuniko cha kukaza, kisha huchoma kinachoungua na kuvunja kisichoungua, na vipande huvitupa katika shimo lililojengwa kwa saruji. Mkubwa wake, Docta Célestin, alimfundisha kanuni moja alipomwajiri: kilichoingia humu hakirudi sokoni, na chakula cha sokoni hakiingii humu.

Kanuni hiyo ilikuwa rahisi wakati treni zilikuwa zinafika. Vita vilipokata reli, Kindu ilibaki kama kisiwa. Chumvi ilipimwa kwa kijiko. Mpira wa kifuniko cha chungu ulikauka ukapasuka, mvuke ukawa unatoroka pembeni ukipiga mluzi, na mpira mwingine haukuwako. Docta alisema, “Chungu hiki tusikiamini tena. Pika, kisha loweka katika javel, ile dawa ya kuua vidudu, kisha vunja.” Javel nayo ilikuwa inakwisha, wakaiongeza maji mpaka ikakosa harufu.

Siku hizo dada yake mdogo, Mwanvua, alikuwa mjane mwenye meza ya mafuta ya mawese sokoni. Mawese hayakukosekana kabisa, yalivushwa kwa mtumbwi kutoka Alunguli, ng’ambo ya mto. Kilichokosekana ni chupa. Nani angenunua lita nzima? Watu walitaka kidogo, cha kutia katika sombe, mboga ya majani ya muhogo, ya siku moja, na bila chupa ndogo Mwanvua alikuwa anarudi nyumbani na mafuta yake.

Kila adhuhuri alimletea kaka yake chakula. Zamani alikiacha langoni. Kwa kuwa askari walizoea kupokonya sahani za watu barabarani, Soudi alimruhusu aingie mpaka uani. Hapo ndipo Mwanvua alipoziona: chupa ndogo nzito, zenye vizibo vya mpira, zimelala katika karai.

“Yaya,” alimwita kaka yake mkubwa, “hizi nazo?”

“Za kuvunja.”

“Za kuvunja! Watu wanatafuta chupa kama zahabu, wewe unavunja?”

“Zilikuwa na vidudu, Mwanvua.”

“Na sasa ziko na maji. Umekuwa Muzungu, yaya. Vidudu unaviona wewe peke yako.”

Alicheka, Soudi naye akacheka. Walidhani mazungumzo yameishia hapo.

Ijumaa Soudi alikwenda msikitini kabla ya kuvunja. Aliporudi, sahani yake ilikuwa imefunikwa vizuri kwa kitambaa, na karai lilikuwa na maji matupu.

Alikwenda sokoni bila kula. Zilikuwa mezani kwa dada yake, zimejaa mawese mekundu, zimepangwa kama watoto wa shule.

“Umeuza?” aliuliza kwa sauti ya chini.

“Moja tu. Mama Odette amechukua. Wewe njo mushitiri wa pili? Karibu!”

“Nipe zote.”

“Unipe nini?”

Watu walikuwa wameanza kusikiliza. Soudi hakuwa mtu wa maneno mengi, na mbele ya watu hata hayo machache humtoroka. Lakini siku hiyo alijua neno la kusema, akalizuia. Kama angetaja vidudu, hakuna ambaye angenunua tena hata tone kwenye meza ile, na Mwanvua hakuwa na meza nyingine. Akazikusanya chupa ndani ya kapu, dada yake akilivuta upande wa pili.

“Yaya, ni chakula! Yaya!”

Alimshinda nguvu. Alirudi nazo maabara akazivunja pamoja na mafuta yake, katika mji ambao watu walikuwa wakilamba mwiko. Sokoni wakasema Soudi amerukwa na akili, wengine wakasema ni wivu.

Kutoka hapo alipita kwa Mama Odette. Sombe ilikuwa imeshaliwa. Mwenyewe, mwanamke mnene mwenye sauti kubwa, alimrudishia chupa na kusifu mafuta.

Hakuugua. Wiki zikapita, akanenepa zaidi katika mji wenye njaa. Mwanvua alipeleka maneno kwa jirani ili yamfikie kaka yake: “Mumwambie, Mama Odette iko muzima. Ugonjwa iko wapi?”

Baya lisilotokea halina shahidi. Sahani ya adhuhuri ilikoma. Walikutana kwenye misiba na arusi, wakasalimiana kwa kuwatuma watoto.

Vita viliisha, Docta Célestin akafa kwa uzee, maabara ikapata chungu kipya na tanuri refu. Sasa vinakuja vipimo vya ugonjwa wa vipele, kutoka miji ya mbali, Lubutu hata Tunda. Soudi ana mvi. Mwanvua ana duka karibu na bandari, na Mama Odette bado ni mteja wake.

Majuzi mwanamke mmoja alifika langoni na bidoni nyeupe, madumu ya plastiki, kichwani, zimefungwa kwa kamba. Soudi alimtambua kwa mwendo kabla ya uso.

“Yaya.”

Neno hilo alikuwa hajalisikia kinywani mwake tangu vita.

“Muntu mumoja ameniletea, anasema ziko safi. Nimeona ile rangi nyekundu chini. Hii njo rangi ya kwenu?”

Soudi alizigeuza. Mstari mwekundu, alama ya vitu vya kuharibiwa, aliupaka mwenyewe. “Njo ya kwetu.”

“Basi vunja. Niko naangalia.”

“Hizi hazivunjwi. Zinatobolewa, zinachomwa. Weka chini, unawe mikono.”

Alinawa kwenye bomba la langoni, kwa sabuni, polepole.

“Mama Odette iko muzima,” Soudi alisema, kwa kuwa hakupata lingine.

“Iko muzima,” dada yake alijibu bila kugeuka. “Lakini ile miezi nilikuwa namuangalia kila asubui, kama muntu anaangalia chungu juu ya moto. Akikohoa, mimi nakufa. Wewe ulizani nilikuwa nalala?”

Akafunga bomba na kwenda zake.

Kesho yake adhuhuri, sahani ya sombe ililetwa langoni, imefunikwa kwa kitambaa. Soudi alivua nguo za kazi, akanawa, akatoka. Mlinzi akamwambia apeleke chakula ndani, jua ni kali.

“Ndani chakula haiingie,” Soudi alisema, akakaa kando ya ukuta, barabarani, akala yote.