Ombi la Maji Lililojibiwa "Pw Mzee"

Ndugu wakulima wenzangu wa Mang'ola, salaam. Ninaandika kulalamikia maji niliyonyimwa leo.

Asubuhi niliwasilisha kwenye kundi letu la simu la wanamfereji ombi la aya nne, lenye heshima zote.

Mwenyekiti akajibu: "Pw mzee."

Poa! Nikaamini nimekubaliwa, nikabeba jembe kwenda kufungulia maji.

Nikakuta yamegeuziwa shamba la jirani yangu Safari, aliyeandika baada yangu: "Mkuu vp, naomba maj xaxa."

Nilimpigia mwenyekiti. Akacheka.

"Mzee wangu, gazeti lote lile nani alisome? Nilijua unatusalimia."

Kumbe adabu ndiyo iliyoninyima maji. Vitunguu vyangu vinanyauka.

Mwenyekiti, naomba uamue hapa hadharani: kesho nipewe maji, au nisipewe?