Fundi Raili na kitasa ambacho hakutaka kukitoboa

Jua la Januari ndiyo kwanza linachungulia juu ya ziwa Pielinen, na Raili Tolvanen amepiga magoti kwenye theluji mbele ya mlango wa bluu. Mkononi ana keekee ya umeme, ya kutobolea chuma. Ameshaweka alama kwenye kitasa, pale chuma kitakapotobolewa, lakini kidole chake hakijabonyeza.

Nyuma yake amesimama mwenye nyumba, Helvi Pesonen, bibi wa miaka sabini na tisa. Amevaa koti la kuogea na buti za sufu, na kofia yake iliyolowa imeganda ikawa ngumu kama sufuria.

"Sasa binti, unangoja nini?" anauliza Helvi. "Toboa. Nyama yangu iko kwenye tanuri tangu jana usiku."

"Nangoja akili," anajibu Raili.

Binti huyo ana miaka hamsini na sita. Ndiye fundi vitasa tunayemwita sisi wa upande huu wa Lieksa tukitoka na ndala kumwaga taka, mlango ukajifunga nyuma yetu. Hujawahi kumsikia akimcheka mtu kwa hilo, na ni jambo la kushukuru.

Safari hii ufunguo uko chini ya ziwa. Helvi huogelea kila asubuhi kwenye tundu lililokatwa katika barafu ya ziwa, pamoja na kikundi chetu, na ufunguo wake huubana kwa pini kwenye kofia, kwa sababu vazi la kuogelea halina mfuko. Asubuhi hiyo, akiwa majini, aliivua kofia akampungia jirani yake Pentti, aliyekuwa bado anasitasita ngazini. Mwandishi wa makala haya alikuwepo na aliona kitu kikimetameta mara moja, kisha basi.

"Nilimwambia aufunge kwenye kifundo cha mguu kama sisi wengine," anasema Pentti, aliyemsindikiza mpaka mlangoni.

"Umejuaje wengine wanafunga wapi?" anamjibu Helvi. "Ndiyo maana huingii majini. Umekaa kuangalia miguu ya watu."

Ufunguo wa akiba upo, unaning'inia jikoni. Kadi inayomruhusu fundi kuchonga ufunguo mwingine nayo ipo, kwenye droo ya chumbani. Vyote viko ndani.

Kitasa chenyewe si cha kuchezea. Ndani ya tumbo lake mna visahani vidogo vya chuma vilivyopangwa kimoja baada ya kingine, na kila kimoja kina pengo ukingoni, mahali pake. Ufunguo wake hauna meno ya msumeno. Umekatwa mikato ya mshazari, na ukiuzungusha, kila kisahani kinazunguka kwa kiasi chake. Mapengo yote yakikutana kwenye mstari mmoja, kijiti cha chuma kilichokuwa kimezuia kinadumbukia humo, na kitasa kinazunguka. Kisahani kimoja kikipotoka kidogo tu, kijiti hakidumbukii, na mlango haufunguki.

"Ndani hamna springi hata moja," anaeleza Raili. "Ndiyo maana baridi yetu haikishiki. Na mwizi akijaribu kupapasa, kuna mapengo ya uongo ya kumdanganya. Kitasa hiki hakibembelezwi. Una ufunguo au una keekee."

Keekee ingemaliza kazi upesi. Kinachomzuia ni aliyekitengeneza kitasa hicho. Ni Eino, mume wa Helvi, aliyefariki Oktoba. Alikiunga kwa mikono yake, akapanga visahani kwa mpangilio aliouchagua mwenyewe, akakifunga mlangoni mwaka waliohamia. Ukikitoboa, unakitupa.

Na Eino ndiye aliyemfanya Raili kuwa fundi.

Raili aliingia kiwanda cha vitasa cha Joensuu akiwa na miaka kumi na tisa, baada ya kinu cha mbao alichofanyia kazi baba yake kufungwa. Wanaume wa zamu yake walimwambia ana mikono ya kukamulia ng'ombe. Eino alikuwa fundi hapohapo. Alimletea visahani vimefungwa kwenye karatasi ya mkate, akamwambia aende navyo nyumbani, azime taa na kuvisoma kwa kucha.

"Aliniambia, 'Macho yana haraka. Kucha haina,'" anakumbuka Raili. "Nilifanya hivyo majira yote ya baridi. Mama akadhani nimechanganyikiwa."

Kiwanda kilipopunguza watu, Eino alikuwa anastaafu. Alimwachia Raili vifaa vyake vyote, na kwa vifaa hivyo akafungua duka lake. Vimemlea mpaka leo.

"Sikumwambia asante," anasema Raili. "Miaka yote hiyo. Unajua tulivyo huku. Mtu anakupa maisha, we unamwambia, 'Haya, leo theluji ni nyingi.' Hata kwenye mazishi nilikunywa kahawa, nikala keki, nikaondoka. Halafu leo nije nimtobolee kitasa chake?"

Helvi naye anajua kitasa hicho ni cha nani, ingawa anajifanya hajali. "We toboa tu," anarudia, lakini sasa anautazama mlango, haitazami keekee. "Ni chuma. Eino mwenyewe angesema ni chuma."

"Angesema," anakubali Raili. "Halafu asingelala."

Anabonyeza. Keekee inanguruma, ncha yake inagusa alama. Helvi anageuka, hataki kuona. Anasema anakwenda kuchukua kuni awashe sauna, nyumba ya mvuke ambayo leo hakuifunga, asije akaganda, na anatembea kuelekea banda la kuni. Pale anauondoa ufagio ulioegemezwa mlangoni.

Raili anaizima keekee.

Huku kwetu, ufagio ulioegemezwa mlangoni ni ujumbe kwamba wenyewe hawapo, usijisumbue kugonga. Wazee hawakufunga kwa kingine. Helvi alikulia hivyo, na banda la kuni hakuwahi kulifunga kwa kufuli hata siku moja. Mumewe, mtengeneza vitasa, alilalamika ndoa nzima. Alimfungia kufuli bora kabisa. Helvi akaliacha wazi, linaning'inia kwenye pete yake, akaegemeza ufagio.

"Helvi," anaita Raili, "hilo kufuli ni la ufunguo upi?"

"La ufunguo uleule. Eino alitaka ufunguo mmoja kwa kila kitu. Nyumba, sauna, banda. Kwani vipi?"

Raili ameshainuka, theluji magotini. Kufuli la aina hiyo likiwa limefungwa halikupi kitu. Likiwa wazi, skrubu yake inafikika, na tumbo lake linatoka lote. Na kama ufunguo ni mmoja, visahani vyake vimepangwa sawasawa na vya mlangoni.

Anakaa nyuma ya gari lake, anavitandaza visahani juu ya taulo, anasoma mapengo, anachonga ufunguo kwa mashine yake. Ufunguo unaingia mlangoni vizuri. Unagoma kuzunguka.

"Nivunje dirisha?" anauliza Pentti, kwa shauku.

"Vunja la kwako," anasema Helvi.

Raili anarudi garini. Anavua glavu, anapuliza vidole, anafumba macho. Anapitisha kucha kwenye kila kisahani, taratibu, mpaka inasimama kwenye kimoja. Pengo alilolisoma kwa macho halina kina. Ni la uongo. La kweli liko pembeni yake.

Ufunguo wa pili unazunguka bila kelele. Joto linatoka, na harufu ya nyama. Raili habanduki mlangoni. Ameweka kiganja juu ya kitasa.

"Asante, Eino," anasema, kwa sauti ya kusikika.

Helvi anajifuta macho kwa mkono wa koti. Kisha anamwambia aingie, mlango ukiwa wazi hivyo wanapasha moto ziwa zima.

Ndani, Raili anaomba kwanza kuiona kadi, maana sheria ya kazi ni sheria. Ndipo anakabidhi ufunguo. Nyama imekauka pembeni, na inaliwa yote kwa mkate mweusi. Baada yake kuna kahawa na mkate mtamu wa iliki.

Chuo cha ufundi cha Joensuu kimemwomba Raili mara mbili akafundishe, na mara mbili amekataa, akidai hajui kuongea mbele ya watu. Mezani kwa Helvi anasema ataanza vuli ijayo.

"Nitawapa visahani kwenye karatasi ya mkate," anasema. "Na nitawaambia, kabla hujashika keekee, zunguka nyumba kwanza. Na mkishukuru, shukuruni mtu akiwa anasikia."

Anapoondoka, anasimama bandani kulirudisha kufuli mahali pake. Analishika kidogo. Kisha analitundika kwenye pete, wazi, na kuegemeza ufagio.