Jina Langu Kwenye Boriti ya Daraja

Upumbavu wenyewe ni huu: nikiwa na miaka tisa niliandika HAMISI MOMBASA kwenye boriti ya daraja la watu. Mpaka leo nikinusa kalamu nene ya kuandikia marobota, harufu ile inayopanda hadi kwenye ubongo, magoti huanza kuniuma. Kalamu ilikuwa ya mama, anayenunua nguo Shahe, soko la jumla la Guangzhou, China, tunakoishi, na kuzituma nyumbani kwa kontena. Mwaka ule laobani wake, yaani mwenye duka anakonunua, Mama Lin, alitualika kijijini kwao, mbali na Guangzhou, siku za kufagia makaburi ya wazee wao. Daraja lao lilikuwa la mbao tupu, lina paa la vigae kama nyumba iliyosahau kuta, na boriti zake zimejaa majina ya wino. Nikaona na langu litapendeza.

Nilisubiri kofi. Mama yake Mama Lin, bibi mwenye meno matatu na ulimi wa kutosha watu sita, akanishika sikio akanisomea boriti nzima, bintiye akitafsiri. Huyu alibeba nguzo kutoka mlimani. Hawa, mafuriko yalipoisomba sakafu, waling'oa milango yao wenyewe wakaitandika hapa, wakalala wazi baridi nzima. Na kila nyumba yenye jina hutoa mtu mmoja, kila mwaka kabla ya mvua, apande kusugua ukoga kwenye vigae.

"Haya, nyumba ya Mombasa," bibi akauliza, "inamtoa nani?"

Mama, msaliti, akaninyooshea kidole.

Miaka sita, kila mwaka kurudi kijijini! Wenzangu wakicheza mpira, mimi niko juu ya paa na brashi, suruali imelowa, na bibi chini anapiga kelele: "Wee Mombasa! Umeruka kigae!" Mwaka huu, ndiyo kwanza nimejua kusugua bila kuteleza, barabara kuu ikapita. Daraja likavunjwa kwa siku mbili, likawekwa la saruji: halina paa, halina pa kukaa, halina jina la mtu. Nilikasirika mpaka nikajishangaa. Boriti ilikatwa vipande, kila nyumba ikapewa jina lake. Letu bibi alilituma Shahe, limefungwa kama robota. Nikamwambia mama tulitupe tu, kazi imekwisha.

"Nani kakwambia imekwisha? Jina si hilo hapo? Litundike juu ya mlango, na kabla ya mvua ulisugue."