Fundi Djafari na Lori Linalotetemeka Kwenye Themanini

Saa mbili kasoro robo asubuhi, barabara kuu ya kutoka Lilongwe kwenda kaskazini. Lori la buluu la tani saba, lenye umri wa miaka ishirini na miwili, linaongeza mwendo polepole: sitini, sabini, sabini na tano. Likifika themanini linaanza kutetemeka kama mgonjwa wa malaria. Milango inapiga kelele na mbao za bodi zinagongana.

Nyuma, juu ya sakafu tupu, mwanamume mmoja amelala kifudifudi. Viganja vyake amevibandika kwenye mbao, na mbele ya pua yake ameweka kikombe cha bati chenye maji nusu. Anayatazama maji hayo bila kupepesa.

"Shikilia hapo, Bambo! Themanini, isishuke!" anampigia dereva kelele kupitia dirisha la kabini ambalo halina kioo.

Mwandishi wa makala haya yuko naye huko nyuma, ameshika ubao kwa mikono miwili na anajuta kunywa chai.

Huyu ndiye Djafari Kiza, miaka arobaini na mmoja, fundi makenika, mkimbizi wa kambi ya Dzaleka wilayani Dowa. Kibali chake cha kutoka kambini ni cha siku moja, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Ameomba mara tatu kabla ya kukipata.

Hakuja mjini kutafuta kibarua. Amekuja kusafisha jina lake. Tangu Aprili mwaka huu wa 1996 lori hili linatetemeka, na huko Kawale, mtaa wa Lilongwe anakoishi mwenye lori, hakuna asiyejua kwamba aliyeligusa mwisho kabla halijaanza ugonjwa huu ni mkimbizi.

"Bananitaja kama vile mukimbizi ni ugonjwa wa gari," anasema, bado amelala. "Mi niko fundi tangu batu fulani ya gereji za mujini hawajaota ndevu."

Mwenye lori, ambaye leo analiendesha mwenyewe, ni Bambo (yaani Bwana) Chimbalanga, mfanyabiashara wa mahindi. Kiswahili alikiokota Mbeya alipokuwa dereva wa masafa. Mwezi wa Aprili lori lake lilikufa karibu na Madisi likiwa na shehena, gia zikagoma. Akamwita Djafari.

Ili lori livutwe bila kuharibika zaidi, ilibidi kwanza Djafari aishushe propela shafti. Hiyo ni ile fimbo nene ya chuma inayopita chini ya gari, ikichukua nguvu kwenye gia boksi na kuipeleka kwenye magurudumu ya nyuma. Djafari huiita kardani, kama walivyoiita kwao. Lori likavutwa hadi Dzaleka, akatengeneza gia kwa siku tatu, akairudisha kardani, mahindi yakafika sokoni.

Wiki iliyofuata lori likaanza kutetemeka.

Gereji mbili za mjini zikapewa kazi. Yakabadilishwa matairi yote sita. Vikabadilishwa vifundo vya usukani, kisha raba za injini. Lori likazidi kutetemeka, na mafundi walipoishiwa na vya kubadilisha wakatoa hukumu: lori likishaguswa na mkimbizi, basi tena. Debe tupu haliachi kuvuma.

Djafari alizaliwa Buyenzi, mtaa wa Waswahili mjini Bujumbura, ambako baba yake alifika kutoka Kasongo, Maniema, huko Zaire, na mzigo wa vitenge. Aliingia gereji akiwa na miaka kumi na mitano na hakutoka hadi Machi 1995, damu ilipoanza kumwagwa mitaani. Alivuka Tanzania hadi Malawi na mkewe Aicha na binti yao Malaika.

"Sikukuja na godoro wala sufuria," anasema. "Nilikuja na spana saba na kichwa yangu. Hivyo vitu hakuna mutu alinigawia kwa foleni."

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Dzaleka ilikuwa gereza, tena gereza ambalo Wamalawi wengi mpaka leo hawapendi kulitaja. Ubavuni mwa ukuta wake wa zamani Djafari alitundika turubai, akachimba shimo la kuingilia chini ya magari. Lilimchukua siku tisa, kwa jembe la kuazima. Mgao wa mahindi na maharage huisha wiki ya tatu ya mwezi, na chakula cha wiki ya nne huletwa na shimo hilo.

Jumatatu ijayo ofisi ya kambi itaamua kama kibanda hicho kibaki au kivunjwe. Wametaka Mmalawi mmoja aje aseme kwamba kazi ya fundi huyu ni salama. Mmalawi anayeweza kumwomba ni mmoja tu, naye ndiye anayeendesha lori linalotetemeka.

Ndiyo maana, kabla hawajaondoka Kawale asubuhi, Djafari aliapa mbele ya watu: "Itakuwa kitu yoyote, lakini haiko kosa ya kardani. Kardani niliirudisha muzuri."

Sasa lori linasema lenyewe. Djafari analiuliza maswali kwa zamu.

"Usukani unacheza mukononi?"

"Hapana, umetulia," anajibu Bambo.

Basi si magurudumu ya mbele. Yangekuwa hayo, mikono ya dereva ingejua kwanza.

"Kanyaga klachi, achia itembee yenyewe!"

Injini inashuka sauti, lori linateleza barabarani kwa kasi ileile, na mtetemo haupungui hata kidogo. Basi si injini.

Djafari anatambaa na kikombe chake hadi juu ya magurudumu ya nyuma. Maji yanatikisika kiasi. Anarudi katikati, nyuma kidogo ya kabini. Hapo maji yanaruka hadi ukingoni na kumlowesha ndevu.

Anakaa kitako. Chini ya pale alipokiweka kikombe hakuna kingine ila kardani.

"Ni nini?" anauliza Bambo.

"Twende kambini. Nitaingia chini," anajibu.

Saa nne lori limesimama juu ya shimo. Habari imefika kabla yao, na watu wamejaa kwenye kivuli cha ukuta. Bambo Chimbalanga amepewa kigoda na bakuli la thobwa, togwa ya huku. Aliye karibu zaidi na shimo ni Honoré Nizigama, jirani yake Djafari kutoka Burundi, ambaye nyanya zake huenda Lilongwe kwa lori hilihili.

Huko Buyenzi Djafari alifundishwa sheria moja kabla ya nyingine zote. Hufungui chuma kabla hujakitia alama. Kardani ina vipande viwili vinavyoingiana kwa meno, na kabla ya kuvitenganisha unapiga tindo, mkato mmoja huku na mmoja kule, vitazamane. Siku ya kuvirudisha, mikato itazamane tena. Ukikosea jino moja au mawili, gari litakwenda vizuri tu kwenye mwendo wa harusi. Litakuumbua kwenye themanini.

Anafuta tope na grisi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Mkato wa kwanza unajitokeza, unang'aa. Anafuta upande wa pili. Hakuna kitu. Anaendelea kufuta, na mkato wa pili unaonekana, umekaa pembeni kwa upana wa vidole viwili.

Anazikagua boliti. Kila moja imefungwa waya, kwa fundo la mkono wake mwenyewe, na hakuna waya hata mmoja uliokatwa.

"Hakuna mukono mwingine uliingia hapa," anasema kwa sauti ya chini. "Ile jioni mvua ilinyesha, matope mupaka magoti, giza inakuja. Sikuangalia alama. Mi, Djafari, sikuangalia alama."

Honoré amesikia. Anainamisha kichwa shimoni na kunong'ona: "We, funga mudomo. Zungusha hiyo chuma, funga boliti, sema ni beringi ilikufa. Ukisema ni we, si we tu. Kesho batasema bakimbizi bote tuko hivyo. Na Jumatatu je?"

Si ushauri wa mpumbavu. Mwandishi huyu alikuwa ndani ya shimo hilo, na anakiri kwamba alitamani Djafari aufuate. Wanne tu wangejua, na wa nne ni Mungu.

Djafari aliifuta tena ile mikato miwili kwa kitambaa. Kisha akapaza sauti: "Bambo! Njoo uingie shimoni."

"Mimi? Na suruali hii?"

"We njo mwenye lori." Kwa Kiswahili cha kwao, njo ni ndiye au ndiyo.

Bambo Chimbalanga alishuka, suruali yake imepigwa pasi, akaoneshwa.

"Hizi alama mbili zinapashwa kutazamana. Hazitazamani. Nilikosea mi, siku ya mvua. Haiko tairi, haiko moteri. Asubuhi niliapa mbele ya batu, na kiapo ilikuwa ya bure. Njo mi."

Juu, Aicha alikuwa amesimama na sinia yake ya mandazi kichwani, hauzi.

"Matairi sita, Djafari," alisema Bambo. "Matairi sita mapya!"

"Najua."

"Miezi minne watu wananicheka. Na wewe unaapa!"

"Najua, Bambo. Kasirika, iko haki yako." Djafari hakuinamisha kichwa. "Lakini nisikilize na mi. Bale balisema ni mukimbizi, hakuna hata mumoja aliingia chini kuangalia. Balisema mukimbizi, bakabadilisha tairi. Kama bangetafuta kosa yangu, bangeipata. Hawakuitafuta, balinitafuta mi. Mi nimeingia chini, nimekosea, na mi njo nimeona. Sasa toka, nitengeneze."

Kuna watu wakikosea huomba radhi mpaka unawaonea huruma. Huyu alimfukuza mwenye mali shimoni, na Bambo akatoka, tope kwenye magoti.

Kazi yenyewe haikufika saa moja. Boliti zilifunguliwa, vipande vikatenganishwa, vikasafishwa, vikarudishwa. Safari hii Djafari aliziangalia alama mara tatu, halafu akamwita Honoré aingie aziangalie pia. Honoré aliingia huku akinung'unika.

Saa saba walirudi barabara kuu. Kikombe kiliwekwa mbele ya usukani, kimejaa karibu na ukingo. Sitini. Sabini. Sabini na tano. Bambo alikuwa ameikaza mikono utadhani anasubiri kupigwa. Themanini. Maji yalichora viduara vidogo, yakatulia humohumo kikombeni. Akaenda hadi themanini na tano, mwendo ambao lori hilo pengine lilikuwa limeusahau.

Bambo aligeuza lori kuelekea kambini.

"Jumatatu," alisema Bambo, macho barabarani. "Ofisi ni saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Nitakuja. Lakini nitawaambia yote, wewe! Hata hii ya alama nitawaambia."

"Baambie," alijibu Djafari. "Baambie na nani aliiona."

Zikomo, asante ya huku, haikusemwa upande wowote, na haikuonekana kukosekana.

Kinachofuata Jumatatu, Djafari hakijui, wala hakai kukihesabia vidole. Ana mpango wake. Akiachiwa kibanda, atachukua wanafunzi watano, wa nchi yoyote, Wamalawi wakiwamo, na mwezi wa kwanza hawatashika spana. Watapiga alama tu. Asipoachiwa, anasema, shimo atalichimba pengine, na jembe anajua pa kuliazima.

Saa kumi na moja, kibali chake kikiwa bado na saa nzima, alichovya brashi kwenye kopo la rangi ya buluu iliyobaki lori lilipopakwa. Hadi leo ukuta ule haukuwa na bango. Wakimbizi wengi wanaofanya kazi hapa hawapendi jina lao lionekane, na yeye alikuwa mmoja wao. Aliandika kwa herufi kubwa, pole pole: DJAFARI KIZA, FUNDI.

"Baba Malaika," Aicha alimwita, nusu kwa utani, "leo, siku uliyokosea mbele ya kambi nzima, njo unaandika jina?"

"Njo leo," alisema, bila kugeuka. "Gari ikitetemeka, mutu ajue anarudi kwa nani."